Cara Black, bingwa wa tenisi aliyehitaji mtu wa pili

Na Mwandishi Wetu

MWANZONI mwa Septemba 2008, katika Michuano ya Wazi ya Marekani jijini New York, Cara Black wa Zimbabwe alicheza fainali mbili. Katika fainali ya wanawake wawili wawili alisimama upande mmoja na Liezel Huber, na kwa pamoja wakawashinda Lisa Raymond wa Marekani na Samantha Stosur wa Australia kwa 6-3, 7-6. Katika fainali ya mseto, ambako mwanamume na mwanamke hucheza upande mmoja, Huber huyo huyo alikuwa ng'ambo ya wavu akiwa na Mwingereza Jamie Murray. Black, aliyecheza na Leander Paes wa India, aliondoka na ushindi wa 7-6, 6-4.

Mtu aliyezoea kuitazama tenisi kupitia kwa akina Serena Williams na Roger Federer huenda akaliona jambo hilo kuwa kituko. Kwa wale ambao mchezo wa wawili wawili ndio riziki yao, ni siku ya kawaida kazini. Anayekulinda leo atakushambulia kesho, na mara nyingine, kama ilivyokuwa New York, atafanya yote mawili katika mashindano yale yale.

Black aliifanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi Oktoba 2014 alipotwaa taji lake la mwisho. Alikusanya mataji 60 ya wanawake wawili wawili katika ziara ya kimataifa, akashika nafasi ya kwanza kwa ubora duniani kwa jumla ya wiki 163, na akanyakua mataji 10 katika mashindano manne makubwa yanayoitwa Grand Slam: matano ya wanawake na matano ya mseto. Hakuna Mzimbabwe mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyefikia idadi hiyo. Hata hivyo, pengine ni wachache katika miji yetu wanaolitambua jina lake, na sababu za hali hiyo zimo ndani ya mchezo wenyewe.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Wanapocheza mmoja mmoja, upana unaotumika ni mita 8.23. Wanapocheza wawili wawili huongezwa kipande cha mita 1.37 kila upande, na upana hufika mita 10.97. Kwa maneno mengine, eneo huongezeka kwa theluthi moja tu ilhali watu wanaolilinda wameongezeka maradufu. Nafasi zilizo wazi hupungua. Pigo zito kutoka mstari wa nyuma, ambalo humpatia pointi mchezaji wa peke yake, hapa humkuta mtu amesimama karibu na wavu akilisubiri. Mpira hauna budi kushushwa miguuni mwa mpinzani, kupitishwa katikati ya watu wawili wasiojua ni nani kati yao auchukue, au kurushwa juu ya vichwa vyao.

Zaidi ya hapo, maamuzi mengi hufanyika kabla mpira haujapigwa. Mchezaji aliye karibu na wavu huweka mkono mgongoni na kumwashiria mwenzake kwa vidole kama atavuka upande wa pili au atabaki palipo. Akivuka, mwenzake lazima aliwahi pengo analoliacha. Mmoja akisitasita kwa nukta moja, pointi imepotea. Ndiyo maana jozi ya wachezaji wa wastani waliozoeana inaweza kuwaaibisha nyota wawili waliokutana jana yake hotelini.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Pamoja na kwamba kazi ni ya watu wawili, orodha ya ubora ni ya mtu mmoja mmoja. Kila mchezaji hupata pointi zake na huondoka nazo anapoachana na mwenzake, kama mfanyakazi anavyohama na vyeti vyake. Wanaotaka kushindana pamoja hujumlishiwa nafasi zao, na jumla hiyo ndiyo huamua kama wataingia mashindanoni. Kwa hiyo mchezaji wa wawili wawili ana mtaji wa aina mbili, pointi zake mwenyewe na mtu aliye naye, na huo wa pili unaweza kuondoka wakati wowote.

Black alizaliwa Februari 1979 katika mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury na ambao sasa ni Harare. Baba yake, Don Black, aliwahi kucheza Wimbledon katika miaka ya 1950, na katika shamba lake la maparachichi nje ya mji alitengeneza viwanja vya tenisi vya nyasi. Hapo ndipo alipowafundisha wanawe watatu: Byron, aliyezaliwa mwaka 1969, Wayne wa mwaka 1973 na Cara, kitinda mimba. Viwanja vya nyasi ni adimu duniani, na anayekulia juu yake hujifunza mapema kuukimbilia wavu, maana mpira hudunda chini na haraka. Ukiwa na kaka wawili nyumbani, wa kucheza naye hakosekani.

Kaka hao walitangulia. Wote wawili walipitia Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani kabla ya kuingia katika tenisi ya kulipwa. Byron, aliyeishika raketi kwa mikono miwili kila upande, alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa wanaume wawili wawili mwaka 1994 akiwa na Mmarekani Jonathan Stark, na mwaka huo huo akashika nafasi ya kwanza duniani katika mchezo huo. Wayne alishirikiana na Kevin Ullyett, naye mzaliwa wa Harare, wakatwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2001 na wa Australia mwaka 2005, ambako waliwashinda ndugu pacha Bob na Mike Bryan kwa 6-4, 6-4 katika fainali.

Ndugu hao waliipa Zimbabwe kitu ambacho nchi ndogo hukipata mara chache. Katika Kombe la Davis, mashindano ya mataifa kwa wanaume, pambano lilikuwa na mechi tano: nne za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Taifa lenye wanaume wawili hodari lingeweza kuzicheza zote bila kumhitaji wa tatu. Aprili 1998 Zimbabwe iliwafuata Waaustralia kwao, katika mji wa Mildura, na kuwabwaga kwa mechi 3-2 kwenye nyasi. Februari 2000 Marekani ilikuja Harare ikiwa na Andre Agassi, huku John McEnroe akiwa nahodha kwa mara ya kwanza, na ikaponea chupuchupu kwa 3-2. Mechi ya mwisho, Chris Woodruff dhidi ya Wayne Black, ndiyo iliyoamua.

Kaka zake walikuwa wawili. Yeye, kwa upande wa wanawake, alikuwa mmoja. Zimbabwe haikuwa na mwanamke mwingine wa kiwango chake, na ukweli huo uliiongoza njia yake yote.

Si kwamba alianza kama mtaalamu wa wawili wawili. Mwaka 1997 alitwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon na wa Marekani, wote wa mmoja mmoja, akamaliza mwaka akiwa wa kwanza duniani kwa vijana. Alipoingia ukubwani alipanda hadi nafasi ya 31 mwaka 1999, na mwaka 2002 akashinda taji lake pekee la mmoja mmoja, huko Waikoloa katika visiwa vya Hawaii, kwa kumfunga Lisa Raymond. Nafasi ya 31 duniani si jambo dogo. Lakini miaka ile tenisi ya wanawake ilikuwa imetekwa na wenye nguvu, akina Williams na Lindsay Davenport, na msichana asiye mrefu wala mwenye pigo zito la kuanzisha mpira alikuwa na dari juu ya kichwa chake. Penye watu wawili uwanjani, kasi ya mikono karibu na wavu na uwezo wa kubashiri mpira unakokwenda vilikuwa na thamani kubwa zaidi. Hesabu hiyo si ngeni barani. Mkenya Paul Wekesa, aliyecheza muongo mmoja kabla, naye mataji yake ya ziara ya kimataifa aliyapata katika mchezo wa wawili wawili.

Mwenzake wa kwanza wa kudumu kidogo alikuwa Elena Likhovtseva wa Urusi, na mwaka 2000 walifika fainali ya Marekani, wakashindwa na Julie Halard-Decugis wa Ufaransa na Ai Sugiyama wa Japani kwa seti tatu. Taji lake la kwanza kubwa, hata hivyo, lilitoka nyumbani. Mwaka 2002 yeye na Wayne walitwaa ubingwa wa mseto wa Ufaransa kwa kuwafunga Elena Bovina na Mark Knowles wa Bahamas kwa 6-3, 6-3. Kwa mara moja, mtu wa pili alikuwa na pasipoti kama yake.

Miaka miwili baadaye ikaja Wimbledon ya 2004. Akiwa na Rennae Stubbs wa Australia, Black alitwaa ubingwa wa wanawake kwa kuwashinda Sugiyama na Huber, 6-3, 7-6. Akiwa na Wayne, alitwaa ule wa mseto kwa kuwashinda Alicia Molik na Todd Woodbridge, 3-6, 7-6, 6-4. Woodbridge, kwa taarifa ya msomaji, ni mtu aliyetwaa ubingwa wa wanaume wawili wawili wa Wimbledon mara tisa, na mara ya tisa ilikuwa mwaka huo huo. Watoto wa shamba la maparachichi walimshinda juu ya nyasi, mahali alipoonekana kuwa mwenyeji kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata Black alishirikiana na Huber, yule aliyemfunga. Huber alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1976, na walipotwaa Wimbledon ya 2005 kwa kuwafunga Svetlana Kuznetsova na Amelie Mauresmo 6-2, 6-1, kombe la wanawake lilikuwa mikononi mwa watu wawili waliozaliwa kusini mwa Bara la Afrika. Oktoba mwaka huo Black alipanda nafasi ya kwanza duniani kwa mara ya kwanza. Kisha, kama ilivyo desturi ya kazi hii, mambo yakabadilika. Mwishoni mwa 2005 alikuwa amerudi kwa Stubbs, akabaki naye mwaka 2006, na katika miaka yote miwili wakafika fainali ya mashindano ya kufunga msimu na kushindwa na Raymond na Stosur.

Mwaka 2007 Huber na Black waliungana tena, na hapo ndipo ilipoanza miaka bora ya jozi hiyo. Walitwaa Australia. Walitwaa Wimbledon, wakitoka nyuma kwa seti moja dhidi ya Katarina Srebotnik wa Slovenia na, kwa mara nyingine tena, Sugiyama. Walitwaa mashindano ya kufunga msimu, na mwaka 2008 wakayatwaa tena. Novemba 2007 Huber alimfikia mwenzake kileleni, na jina la kwanza duniani likawa la watu wawili kwa wakati mmoja.

Ila bendera hazikuwa tena za majirani. Mwaka 2007 Huber, aliyekuwa ameishi Marekani kwa miaka mingi, alipata uraia wa nchi hiyo. Ziara ya kimataifa haijali mambo ya uraia, kwani wawili hucheza pamoja hata wakitoka pande mbili za dunia. Michezo ya Olimpiki inajali. Huko sharti wote wawili wawe wa nchi moja. Mwaka 2008 mjini Beijing, Huber aliichezea Marekani pamoja na Lindsay Davenport. Black, akiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa wawili wawili duniani, hakuwa na wa kusimama naye.

Mchezo wa mseto ungeweza kumwokoa, kwa kuwa alikuwa na kaka aliyekwisha kutwaa naye mataji mawili makubwa. Lakini mseto ulikuwa umeondolewa katika Olimpiki tangu 1924, na uliporudishwa London mwaka 2012, Wayne alikuwa ameshastaafu miaka saba iliyopita. Black hakupata kamwe medali ya Olimpiki.

Msomaji akumbuke pia Zimbabwe ilikuwa katika hali gani. Julai 2008, wiki chache kabla ya fainali zile mbili za New York, takwimu rasmi za nchi hiyo ziliuweka mfumuko wa bei kwenye asilimia milioni 231 kwa mwaka. Habari zilizotoka Harare zilikuwa za rafu tupu madukani na noti zenye sifuri zisizohesabika. Katika magazeti ya dunia, kurasa za michezo ndizo zilizobaki na jina la nchi hiyo likitajwa kwa heri: la Black, na la muogeleaji Kirsty Coventry aliyetwaa medali nne Beijing mwezi Agosti.

Kuachana na Huber kulitokea Aprili 2010. Jozi hiyo ilikuwa imefungwa na Serena na Venus Williams katika fainali mbili mfululizo za Grand Slam, ile ya Marekani ya 2009 kwa 6-2, 6-2 na ya Australia ya 2010 kwa 6-4, 6-3. Si vigumu kuona jinsi matokeo kama hayo yanavyouma. Dada wawili ambao kazi yao hasa ilikuwa tenisi ya mmoja mmoja, waliocheza wawili wawili kwa nafasi, waliwapiku wataalamu wa fani. Ni kweli pia kwamba akina Williams ni ndugu waliokua kwenye uwanja mmoja, na Black, kuliko watu wengi, alijua maana ya jambo hilo.

Kila mmoja aliondoka na pointi zake. Miezi mitatu baadaye, Julai 2010, Black alikuwa tena na kombe la Wimbledon mikononi, safari hii la mseto, akiwa na Paes baada ya kuwafunga Lisa Raymond na Wesley Moodie wa Afrika Kusini. Januari mwaka huo huo yeye na Paes walikuwa wametwaa Australia, na kwa taji hilo Black akawa ameshinda mashindano yote manne makubwa katika mseto: Ufaransa na Wimbledon na kaka yake, Marekani na Australia na Mhindi huyo. Kwa upande wa wanawake kilibaki kiporo kimoja, Ufaransa, ambako mwaka 2005 yeye na Huber walifika fainali, wakaongoza kwa seti moja dhidi ya Virginia Ruano Pascual na Paola Suarez, kisha wakapoteza mbili. Hakukipata tena.

Aprili 2012 alijifungua mtoto wa kiume. Alirejea uwanjani kabla mwaka haujaisha, na akiwa na umri wa miaka 34 akalazimika kuanza kutafuta mtu kama kijana anayeanza kazi. Mwishoni mwa 2013 alimpata Sania Mirza wa India, mwenye pigo zito la mkono wa kulia kutoka nyuma ya uwanja, huku yeye akilinda wavu. Walishinda Tokyo na Beijing kwa mfululizo. Oktoba 2014, katika mashindano ya kufunga msimu jijini Singapore, waliwakuta mabingwa watetezi Hsieh Su-wei wa Taiwan na Peng Shuai wa China kwenye fainali na kuwafunga 6-1, 6-0. Katika fainali ya kiwango hicho, wapinzani kuambulia gemu moja tu ni jambo la nadra sana.

Hilo ndilo lililokuwa taji la mwisho la Black. Mirza alikwenda zake, na mwaka uliofuata akatwaa Wimbledon na Marekani akiwa na Martina Hingis. Kila aliyepita mikononi mwa Black alikuwa na mwingine wa kumwendea, na ndivyo na yeye alivyokuwa amewapata wote.

Kuhusu fedha, pengo lililopo kati ya michezo hii miwili linaeleza mengi kuhusu umaarufu. Wimbledon ya 2024 ilimlipa bingwa wa mmoja mmoja pauni 2,700,000. Jozi iliyotwaa ubingwa wa wawili wawili ilipata pauni 650,000, za kugawana. Jozi ya mseto ilipata pauni 130,000, nazo za kugawana. Televisheni huonyesha kile inachoamini watazamaji wanakitaka, viwanja vidogo hupewa wawili wawili, na mchezaji anaweza kuwa wa kwanza duniani huku akipita uwanja wa ndege bila mtu kumgeukia. Ajabu ni kwamba katika klabu nyingi za tenisi, zikiwamo za kwetu, watu wazima hucheza wawili wawili karibu kila jioni. Wanaoujua mchezo huo kwa mikono yao ni wengi kuliko wanaoutazama.

Waandaaji wa Michuano ya Wazi ya Marekani walijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2025 kwa njia iliyozua ubishi. Waliuondoa mseto katika ratiba ya kawaida na kuuchezesha kwa siku mbili, tarehe 19 na 20 Agosti, kabla ya mashindano kuanza. Ziliingia jozi 16 tu: nane kwa kujumlisha nafasi za wachezaji katika orodha ya ubora wa mmoja mmoja, na nane kwa kualikwa. Mabingwa waliahidiwa dola milioni moja, na viwanja vikafurika watu waliokuja kuwaona nyota. Walioibuka washindi walikuwa Waitalia Sara Errani na Andrea Vavassori, wataalamu wa wawili wawili na mabingwa watetezi, waliowafunga Iga Swiatek na Casper Ruud katika fainali.

Errani na Vavassori walikuwamo miongoni mwa walioalikwa. Kwa nafasi za mmoja mmoja peke yake wasingeingia, na kwa utaratibu huo huo Black na Paes wa mwaka 2008 nao wangelazimika kusubiri mwaliko.